Moteri Mbili za Sinema ya Panda

Saa sita kasoro dakika kumi mchana, Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi mwaka 1992, tarumbeta ya kipaza sauti ya kanisa letu la Panda, mtaa wa mji wa Likasi, ilinyamaza katikati ya wimbo. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu kuangalia saa ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Umeme wa mtaa wetu ulikatika kila siku saa sita, na ilinibidi nizime mashine za sauti mapema ili zisiungue utakaporudi kwa nguvu. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye swichi niliposikia mlio mkavu, kama mtu anayevunja kijiti, na sauti za waimbaji zikawa ndogo ghafla, zikabaki humo ndani ya kuta za matofali. Pasta alisimama akahubiri kwa koo lake. Watu waliokaa nje chini ya mijakaranda, ambao siku zote walikuwa wengi kuliko wa ndani, walingoja kidogo, wakachukua viti vyao wakaenda nyumbani.

Vijana niliowafundisha kazi ya sauti wananijua kwa somo moja, lile la kulinganisha moteri za tarumbeta, na kila mara nimelifundisha kama jambo la ufundi tu, nikalikata kabla halijafika mahali panapouma. Mwezi uliopita simu yangu ililia, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai: “Papa, ni minye Kapinga, mutoto ya Papa Mbuyi wa Likasi. Papa yetu alituacha. Mu bintu yake tulikuta bati ya maziwa, na ndani kuko bintu mbili hatujue ni bya nini. Mama anasema niulize weye.” Kisha alituma picha. Nilivitambua kabla picha haijafunguka vizuri. Zilikuwa tando mbili za aluminiamu, kila moja imebinuka kama kisahani kilichopinduliwa, zimelazwa ndani ya kopo, kwenye pamba iliyogeuka rangi ya chai. Nilimwambia Kapinga kwamba sitaweza kumweleza kwa simu, nitaandika. Haya ndiyo maelezo.

Tarumbeta ya kanisa ni mdomo tu. Sauti hutoka kwenye moteri iliyofungwa nyuma yake, kipande kizito cha sumaku chenye utando ndani, mwembamba kuliko karatasi. Utando unatetemeka mbele ya kizibo chenye nyufa, hewa inabanwa, inapita kwenye tundu na kuingia kwenye tarumbeta, ambamo inakua. Moteri ndogo, kama zile za magari ya matangazo, hupaza sauti na kuikwaruza. Moteri kubwa zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, na hizo husema kama mtu anavyosema. Ubora wake uko kwenye sumaku, na sumaku ni uzito. Nautaja uzito mapema kwa sababu ndio ulioamua yote.

Ile iliyokufa Jumapili ile ilikuwa ndogo. Kijana wa gitaa la besi alikuwa amechomeka waya wake mahali pa tarumbeta, na utando ukapasuka. Kanisa lilihitaji moteri mbili, na kwa bahati nzuri jozi mbili zilikuwepo mjini. Jozi ya kwanza ilikuwa ya Mama Chanda, mfanyabiashara aliyeleta vitu kutoka Zambia, mpya kabisa, bado ziko ndani ya karatasi zake. Jozi ya pili ilikuwa ya Yaya Mbuyi, baba yake Kapinga. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na ingawa hatukuzaliwa pamoja, yeye ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu. Alikuwa ameendesha mashine za sinema ya klabu ya wafanyakazi hapa Panda kwa maisha yake yote ya kazi, mpaka kampuni ya shaba iliposhindwa kulipa watu na klabu ikafungwa. Badala ya mishahara aliyokuwa akidai, walimruhusu achukue moteri mbili zilizokuwa nyuma ya pazia. Alizaliwa Likasi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Mwaka ule neno Kasai lilitosha. Lilisemwa kwenye radio na kwenye mikutano, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na vijana walipita mitaani wakitia alama kwenye milango yao. Jirani baada ya jirani walifunga mizigo wakaenda kulala stesheni, kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini.

Nyumba yake ilikuwa Shituru, nyumba ya kampuni yenye sebule ndogo, na moshi wa kiwanda uliingia humo hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mtoto wao wa mwisho, Dodo, alikuwa na kifua kibaya. Alikohoa huku akicheza, bila kuacha mchezo. Jioni ile nilipokwenda kumweleza Yaya kwamba kanisa linatafuta moteri, Mama Ntumba, mke wake, alituwekea bukari, ugali wetu, na ndakala, dagaa wachache waliokaangwa na nyanya nyingi ili waonekane wengi, akarudi jikoni. Kutoka huko alisema bila kupandisha sauti, kama anayezungumza na sufuria.

“Uzisha zile bintu, baba Kapinga. Bale ba treni, ukibalipa, banakutia mu wago ya kufunikwa. Usipobalipa unapanda juu ya wazi. Dodo hataweza mvua.”

“Nitauzisha.”

“Lini?”

“Kisha kupima.”

“Kupima, kupima. Mvua yeye haipimi.”

Yaya Mbuyi alinitazama akacheka kidogo, akakata tonge. Kisha alinieleza, taratibu, kwa nini hataki kanisa linunue bila kusikia. “Bakinunua sababu ya huruma, kesho batasema nilibaibia. Bakinunua sababu basikia na masikio yabo, habatakuwa na neno. Weye utapima. Minye ni mwenye kuuzisha, siwezi kupima. Na pima sawa nilikufundisha, usinisaidie.” Bei yake ilikuwa dola mia moja na themanini kwa zote mbili. Zilitosha kulipia nafasi ya familia ndani ya wago, yaani behewa, iliyofunikwa, na chakula cha njiani.

Kulinganisha moteri ni kazi ya subira, na watu wengi huiharibu kwa sababu wanapenda sauti kubwa. Ni lazima zote zipite kwenye tarumbeta moja, kwa maana tarumbeta mbili tofauti zitakudanganya. Tundu la moteri za Mama Chanda lilikuwa dogo kuliko la zile za sinema, kwa hiyo nilimwomba rafiki wa karakana ya Shituru anichongee pete ya kuunganisha. Chuma hakikuwepo tena karakana, aliichonga kwa shaba. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mji wetu haukukosa mwaka ule. Kisha tulihitaji maneno ya kusoma. Huwezi kupima kwa wimbo wala kwa sala, maana msikilizaji anaijua na masikio yake yanajaza yasichosikia. Yaya Mbuyi alikuwa na njia yake tangu zamani za sinema: majina ya stesheni za reli yetu, yaliyovurugwa mpangilio. Mengi yanaanza kwa namna moja, Kamina, Kaniama, Kambove, Kapolowe, na moteri mbaya huyafanya yote kuwa jina moja. Msomaji alikuwa Mama Ntumba, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya wastani, haikuwa ya kuimba wala ya kuhubiri.

Tulipima kanisani siku ya Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo. Pasta, Shemasi Kasongo na waimbaji wachache walisimama mbali, pale barabara inapokata reli. Shemasi Kasongo alikuwa mweka hazina wa kanisa, mtu nadhifu, msimamizi wa zamani kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, ambaye hakupenda kununua kitu bila kukishika. Kabla hawajaenda huko, na kabla hatujafunga moteri ya kwanza, aliinua ile ya sinema kwa mikono miwili.

“Iko nzito hii.”

“Kilo kumi na mbili,” alisema Yaya Mbuyi, na nilisikia fahari ndani ya sauti yake. “Yote ni sumaku.”

Kasongo aliinua tena, akaishusha. “Muntu hawezi kutembea nayo mbali.”

Mama Chanda alikuwa amekaa juu ya katoni yake, amekunja mikono. “Muache kubembeleza ile muzee. Yangu ni bibi-harusi, haijaguswa. Ile yenu ilisha kuzika mabwana tatu.”

“Njo maana inajua kusema,” alijibu Mama Ntumba, aliyesimama karibu na maikrofoni, na hata Pasta alicheka.

Mara ya kwanza moteri mpya ilishinda, na kila mtu alisema imekwisha. Ilikuwa inapiga kelele hadi upande wa pili wa reli. Hilo ndilo kosa la kawaida, na nilikuwa nimelitegemea. Moteri za sinema zilikuwa na ukinzani mara mbili ya zile mpya, hivyo kwa kitufe kilekile cha mashine zilipewa nguvu kidogo. Niliweka mita ya sindano kwenye nyaya, nikapandisha nguvu, kisha nikaenda na kurudi mwenyewe kati ya reli na mashine, nikirekebisha kwa masikio mpaka zote mbili zikawa sawa kwa ukubwa. Ndipo nilipowaambia wageuke mgongo, wasione ni ipi inayosema. Mama Ntumba alisoma. Kwa moteri mpya, herufi kali zilikuwa safi, na hilo lazima nilikubali hata leo. Lakini katikati, mahali sauti ya mtu inapokaa, ilikuwa kama anasemea ndani ya debe. Waimbaji walibishana ni Kamina au Kaniama. Kwa moteri ya sinema hakuna aliyebishana. Jina lilifika zima, pamoja na pumzi iliyolitangulia. Tulibadilisha mara nyingi, bila wao kujua, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Pasta aligeuka, akatazama upande wa kanisa, akasema polepole, “Ile. Ni kama mama eko mbele yangu.” Ilikuwa ile ya sinema. Mama Chanda alifunga katoni yake bila kinyongo. Pasta alimshika Yaya Mbuyi mkono, akasema bei ni sawa, pesa zipo, mweka hazina atazitoa. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimefanya jambo moja la maana katika mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinabomoka. Nimekuwa nikiikumbuka furaha ile kwa miaka mingi, na sijui niifanye nini.

Pesa hazikutoka wiki ile, wala iliyofuata. Mijakaranda ilichanua, ikaanza kumwaga maua barabarani, na kila aliyetazama angani alijua maana yake, kwamba mvua iko karibu. Jioni moja nilikwenda kwa Pasta kuuliza. Mke wake alinikalisha kwenye ukumbi mwembamba wa kuingilia, akaniletea sahani yangu, kwa sababu sebuleni kulikuwa na wakubwa wanakula. Kati yetu palikuwa na pazia tu. Nilisikia vijiko, nikasikia mtu anaomba pilipili, kisha sauti ya Shemasi Kasongo, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga matumizi.

“Minye nauliza kitu moja tu. Tununue ya nini? Treni ikifika, bataenda. Na ile moteri batabeba je? Kilo kumi na mbili, na iko mbili. Bataacha. Kintu chenye kitabakia, muntu hakinunue.”

Mtu mwingine aliguna kukubali. Nilingoja Pasta aseme. Nilisikia anatoa mwiba wa samaki mdomoni na kuuweka kwenye ukingo wa sahani. Nikaacha sahani yangu, nikainua pazia. Nilisema kwamba kipimo kilifanyika mbele ya wote, kwamba bei ilikubaliwa, kwamba mtoto anaumwa. Nilisema kwa mpangilio, jambo la kwanza, la pili, la tatu, kama nilivyozoea.

“Injinia,” alisema Shemasi Kasongo. Walipenda kuniita hivyo, ingawa sikuwa na diploma yoyote. “Ile ya sauti, tulikuuliza, ulijibu muzuri. Hii ya bantu, hatukukuuliza.”

Pasta alinitazama wakati huo, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. “Mutoto yangu, bakijua kanisa inapatia bale pesa, batakuya kuvunja kanisa. Weye utazuia?” Nilitoka. Mlango wa jirani yake ulikuwa na alama ya chaki, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Nilifanya niliyoyaweza, na yalikuwa machache mno. Kampuni, niliyoifanyia kazi mimi pia, ilikuwa haijatulipa. Mwezi ule ilitoa gunia la unga kwa kila mfanyakazi, na nilimpelekea Yaya Mbuyi nusu. Nilimwendea Mama Chanda nikamwomba anunue yeye. “Nikavukishe muzigo ya kilo mingi ku Zambia, kwenye nilinunua mupya? Na hapa, nani atanunua kwangu kintu cha Kasai? Banangoja cha bure, yaya.” Kisha aliingia ndani akatoa chupa ya mafuta ya kupikia na kunipa bila kusema ni ya nani. Nilizunguka kwa wenye baa, kwa wapiga muziki, hata kwa padre wa Kikatoliki wa Shituru, ambaye ua wake ulikuwa umejaa watu waliokimbia na hakuwa na hata blanketi la kuwapa. Wote walizijua moteri zile. Wengine walizisifu kuliko nilivyozisifu mimi. Hakuna aliyesema kwamba hazifai. Nilikuwa na ushahidi wote na haukununua kitu.

Yaya Mbuyi alihamia stesheni na familia yake siku ambayo vijana walikuja mpaka kibarazani kwake. Niliwakuta kati ya maelfu, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo ya taa isiyowaka. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, na ardhi ilikuwa matope yaliyokanyagwa. Mama Ntumba alikuwa amemweka Dodo kifuani, ndani ya nguo zake, kichwa tu kikionekana. Kapinga, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba hivi, alikalia bati kubwa la maziwa ya unga, na alipoinuka ili anisalimie, baba yake alilivuta bati hilo mara moja katikati ya miguu yake mwenyewe. Nilifurahi kuona wana maziwa. Niliuliza kama yanamtosha mtoto.

“Ya mutoto iliisha,” alisema Yaya Mbuyi.

Alitoa ufunguo mfukoni, akanitia mkononi. “Moteri ziko chini ya kitanda. Bakikuya kuzichukua, bafungulie. Basivunje mulango, ni mulango ya mbao muzuri.” Kisha, kwa sababu hakuna aliyetaka tuagane, alianza kuniuliza kuhusu ile pete ya shaba, kama ilikaa sawa, kama hewa haikuvuja pembeni. Nilimwambia haikuvuja. “Basi kipimo ilikuwa sawa,” alisema, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Treni ilifika siku nyingine, nikiwa kazini. Walipanda wago ya wazi, ya kubebea makaa. Mfanyakazi mmoja wa reli aliyenijua aliniambia baadaye kwamba Dodo alizikwa Kamina, karibu na njia, na kwamba treni ilisimama kwa sababu ya mashine iliyoharibika, siyo kwa ajili ya mazishi.

Shemasi Kasongo alikuja na vijana wawili na mkokoteni. Nilifungua mlango kama nilivyoagizwa. Walizivuta moteri kutoka chini ya kitanda, wakazipeleka kanisani, na nikaamriwa nizifunge ili Jumapili tarumbeta isikike. Nilijua kitu mara tu nilipogusa skrubu za mfuniko wa nyuma, maana zilikuwa zimekazwa upya na mkono uliozoea. Nilifungua ya kwanza, kisha ya pili. Ndani palikuwa pamefutwa vumbi. Sumaku ilikuwepo, kizibo chenye nyufa kilikuwepo, na kati yao hapakuwa na kitu. Nilimweleza Shemasi Kasongo kwamba hazina utando, kwamba bila utando ni mawe.

“Zifunge tu,” alisema. “Labda zitasema.”

Nilizifunga. Nilizungusha kitufe mpaka mwisho, na watu wote walitazama juu; tarumbeta haikutoa hata mkwaruzo. Baadaye tulitafuta tando za namna ile Lubumbashi, tukaagiza Zambia, hazikupatikana, na jozi ya Mama Chanda ilikuwa imeshauzwa. Tarumbeta ile ilikaa juu ya paa letu miaka mingi, na Pasta alihubiri kwa koo lake mpaka lilipoharibika.

Kapinga, hivyo ndivyo vilivyomo ndani ya bati. Sijui baba yako alivitoa kwa hasira, au kwa tumaini la kurudi avirudishe, au kwa sababu ni kitu pekee cha kazi yake ambacho mtu angeweza kutembea nacho mbali. Visafishe kwa pumzi tu, usiviguse kwa kidole. Na kuhusu bei yake, uliyoniuliza mwishoni mwa simu, kama papa alilipwa au la, naweza kukuambia ilivyosomwa mbele ya kanisa, kwa maana nilikuwepo, nimekaa benchi la nyuma karibu na swichi. Mwisho wa mwaka Shemasi Kasongo alisimama na suti yake ya kahawia, akasoma mapato na matumizi, akafika kwenye vyombo vya sauti, akainua macho akatabasamu. Upande ule, alisema, hatukutoa kitu. Kanisa iliokoa dola mia moja makumi munane.